Kaimu Alisema Pole

"Swali la mwisho," alisema Dokta Chonya, na Tupokigwe Mwaisaka akajua kwamba akivuka hapo amemaliza. Miaka minne ya kusoma akiwa kazini, na sasa limebaki swali moja. Mbele yake, katika maabara nyeupe isiyokuwa mahali popote duniani, zilipangwa chupa sita za maji ya mtoni. Alikuwa ameshasema ni ipi yenye sumu ya shambani, ameshataja kiasi chake, na hesabu ameionyesha. Mzee huyo hakuridhika.

"Umepima mara mbili. Kwa nini umekiamini kipimo cha pili na si cha kwanza?"

"Cha kwanza kilinipendeza mno," Tupo alijibu. "Kilikuja vile vile nilivyotaka kije. Nikaona nirudie."

Dokta Chonya alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Wenzako wamenitajia vitabu vitatu vitatu. Hongera, binti. Matokeo rasmi utayapata, lakini mimi nimeridhika."

Tupo alitamani kuruka, ila katika maabara ile miguu ni ya picha tu. Akashukuru, akaaga, akaaga tena kama mgeni anayesindikizwa, kisha akagusa nyuma ya sikio lake.

Kurudi huanzia mdomoni. Kila mwenye Kaimu atakuambia hivyo. Kabla hujaona kitu unakuta ulimi una ladha ya chai iliyonywewa na mwingine, na mara nyingine unakuta mdomo uko katikati ya sentensi. Siku hiyo Tupo aliukuta mdomo wake unasema, "Tushukuru Mungu." Halafu akaona nyasi. Alikuwa nje ya ghala, kwenye kiwanja cha kukusanyikia, pamoja na zamu nzima. Bupe, mchambuzi wa maparachichi meza ya pili, alikuwa amemkamata mkono kwa nguvu, na gari la kampuni lilikuwa linatoka getini mbio, mlango wa nyuma haujafungwa vizuri.

"Bupe, kuna nini?"

Bupe alimtazama machoni kwanza. "Umerudi?"

"Nimerudi. Sema, kuna nini?"

"Baba Sekela. Chumba cha baridi namba nne. Gesi." Bupe alijifuta pua kwa ukosi wa koti lake la kazi. "Wamemtoa anatapatapa, dada. Na macho yake, ungeyaona! Tukapiga kelele tokeni, tokeni, tukakimbia wote. Na wewe ulikimbia."

Ndiyo, alikimbia. Zoezi la kutoka nje walilifanya kila mwezi, na Kaimu hana shida na jambo lenye mazoezi. Ndipo harufu ya amonia, gesi ya kupoozea vyumba, ikamfikia Tupo, kali, ikamchoma koo, na furaha yote aliyotoka nayo kwenye mtihani ikamwisha papo hapo.

*

Nieleze kidogo, maana wapo watakaosema Tupo alikuwa mvivu, na hilo silikubali.

Kaimu ni kibati cha ukubwa wa kifungo cha shati, hukaa nyuma ya sikio. Kwa wiki tatu anakutazama tu unavyofanya kazi. Akishakujua, unamkaimisha: mikono inaendelea kuchambua maparachichi, miguu inaendelea kusimama, na wewe mwenyewe uko darasani, unamsikia mwalimu na kuvishika vyombo vya maabara. King'ora kikilia, au ukianguka, au mtu akikuita majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, anakurudisha hapo hapo, hata kama uko katikati ya nini sijui.

Wanasema katika nchi nyingine Kaimu alisumbuka sana kujifunza maongezi. Kwetu hakupata shida. Sisi nusu ya maongezi yetu tuliyakuta tayari. Habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, salama. Poleni na kazi, tumeshapoa. Mwenzio akinyamaza, sema tushukuru Mungu. Akilalamika, sema pole. Mtu mwenye maneno hayo na sura ya upole anaweza kufika kustaafu bila kugundulika. Hata utani wa pale ghala la Ntuso, lililoko juu ya Tukuyu, haukumshinda. Kila aliyepita kwa Tupo alimuuliza, "Tupo, upo?" na Kaimu akajifunza kujibu, "Nipo, tupo wote." Watu walicheka mara mbili, maana walijua hayupo.

Sheria haikuwa na neno alipokuwa mchambuzi wa mezani. Pale ilitakiwa mikono tu. Lakini mwaka jana walimpandisha kuwa msimamizi wa zamu, na sheria inasema dereva, muuguzi, mlinzi na msimamizi hawakaimishi, kwa sababu hao wanalipiwa masikio na si mikono. Chuo cha Masafa, alikokuwa anasoma, nacho kina kanuni yake: saa ulizosoma kwa kukaimisha kinyume cha sheria si zako, na ikibainika, shahada hupewi. Tupo aliyajua yote hayo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Alifaulu sayansi kidato cha sita akakosa wa kumsomesha, akachambua maparachichi miaka tisa huku wenzake wakirudi na majoho, na sasa mlango uko wazi, aufunge mwenyewe? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi sisemi kitu, maana nami nina kibati changu.

Basi zamu ikamfunika. Hawakuambizana, ilitokea tu. Mwenye swali gumu alilipeleka kwa Bupe. Mwenye shida ya mashine alikwenda kwa fundi moja kwa moja. Profesa wetu anasoma, walisema, atatutoa kimasomaso. Na aliyesema hivyo kwa sauti kuliko wote alikuwa Baba Sekela, mpanga makreti wa vyumba vya baridi, mtu wa makamo mwenye mdomo usiotulia, ambaye kila mwisho wa wiki alidai aelezwe kilichofundishwa, na asipoelewa alikasirika mpaka aelezwe upya.

Sasa Tupo alimvuta Bupe kando ya ukuta. "Baba Sekela alimwambia nani kabla hajaingia?"

Bupe akatazama chini. "Alipita kwako. Mlisimama pale mlangoni mkasalimiana, mkaongea. Mimi nikajua amekuona uko kwenye mtihani, anatania tu kama kawaida yake."

Tupo hakuhitaji kuambiwa zaidi, maana alijua jinsi watu wa kwao wanavyoongea. Sisi hatuanzi na habari mbaya. Paa liwe linaungua, mtu atakuambia kwanza hatujambo, watoto wazima, ila. Habari yenyewe hukaa nyuma ya hiyo ila. Na Kaimu akishasikia salama, kwake mazungumzo yamekwisha, yanayobaki ni kuitikia.

*

Kesho yake hospitalini alimkuta Mama Sekela kwenye benchi la nje, amejifunga kanga mbili na chupa ya uji iko miguuni haijafunguliwa. Tupo alimwamkia, mama akaitikia kwa sauti ndogo.

"Mafundi wamesema vali ilikuwa inavuja," alisema. "Na kile kinusa gesi cha chumba kile, kinacholiza king'ora, walikifungua wakakisafishe, hawakukirudisha. Lakini kampuni inasema aliingia bila barakoa na bila kumwambia mtu, kwa hiyo amejitakia. Bima hailipi la kujitakia. Daktari wa macho yuko Dar, na anataka amwone mwezi huu huu, kovu likishakomaa basi." Akamgeukia Tupo. "Wewe ndiye msimamizi wake, mwanangu. Kweli hakukuambia?"

"Sikumsikia, mama."

Lilikuwa neno la kweli, na Tupo hajawahi kusema uongo mkubwa kama ule. Aliingia wodini akijichukia.

Baba Sekela alilala chali, kitambaa cheupe kimezunguka kichwa, midomo imebabuka. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye pumu. Hata hivyo aliposikia shikamoo aligeuza uso na kujaribu kucheka.

"Marahaba, profesa. Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Nilijua!" Akakohoa kwa muda mrefu, na Tupo akasimama tu asijue amshike wapi. Kikohozi kilipopungua alisema, "Haya, sasa mwambie yule mwakilishi wako ajifunze adabu. Nimemwambia jambo la heri, ananipa pole."

"Baba Sekela, niambie. Ulimwambia nini? Nataka yote."

Baba Sekela akasema polepole. Alimkuta pale mlangoni, akamsalimu, akaitikiwa. Akamwambia salama, ila kule namba nne macho yanawasha. Mdomo wa Tupo ukasema pole. Akaona ni jibu la mtu aliyesikia, akadhani atatuma fundi. Na kwa kuwa alikuwa na habari yake tangu asubuhi, hakuweza kuizuia, akaitoa: jana Chuo cha Masafa kimempokea, kozi ya awali ya sayansi, yeye, na umri huu wote.

"Ukanijibu, pole sana, Mungu atasaidia." Akacheka kwa kifua. "Ndipo nikajua hakuna mtu hapo. Naongea na kibati."

"Kwa hiyo ulijua kwamba sikusikia."

"Nilijua."

"Ungeniita majina yangu! Tupokigwe Andongwisye Mwaisaka, si unayajua? Ningerudi hapo hapo!"

"Ungerudi, na mtihani ungevunjika. Wewe mwenyewe ulituambia, ukitoka katikati umeanguka." Alikuwa anatafuta mkono wake juu ya shuka, na Tupo akampa. "Na ningekwenda kwa meneja angeuliza, msimamizi wako yuko wapi? Ningemjibuje? Nikasema ni vali tu, nimeona fundi akiifunga mara nyingi, niikaze kidogo mwenyewe nitoke. Pumzi moja. Sasa ikawa si pumzi moja."

Tupo alilia bila kujificha. Alikuwa amejiandaa kwa kosa la kutosikia, lile angeweza hata kulisukumia mashine. Kumbe mtu huyu aliona, akapima, akaingia kwenye gesi ili yeye amalize mtihani.

"Nitawaambia," alisema. "Mkaguzi wa usalama anaita watu Jumatatu. Nitamwambia uliniambia."

"Hapana." Mkono ukambana. "Nimeshawaambia mimi. Nimesema sikumwambia mtu. Wewe nenda, jibu hivyo hivyo, chukua shahada yako."

"Na macho?"

"Hapa hapa watanitibu. Moja linaona mwanga, nesi kaniambia."

"Mama Sekela ananiambia mengine."

"Mama Sekela ana hofu za wanawake. Sikiliza, Tupo. Ghala zima lile, watu mia na ushee, ni nani aliyesoma akiwa pale pale kwenye meza ya maparachichi? Ukisema, watakunyang'anya, na mimi nitakuwa nimeungua bure. Umenielewa? Bure kabisa."

Tupo alimshika mkono mpaka nesi alipokuja kubadilisha kitambaa, na akatoka kabla hajakiona kilicho chini yake, kwa sababu aliogopa.

*

Matokeo yalikuja Jumamosi, daraja la kwanza. Mama yake Tupo alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na kuku. Walipokwisha kuondoka, Tupo alimweleza mama yake kila kitu, jikoni, wakiosha vyombo.

Mama aliosha sahani ile ile muda mrefu. Ni mwanamke aliyeuza ndizi barabarani ili binti afike kidato cha sita, na kilichofuata baada ya hapo kilimuuma kuliko kilivyomuuma binti. "Mtu akikupa chakula chake," alisema hatimaye, "ukamrudishia sahani bado imejaa, umemtukana. Amekupa, pokea. Tutamchangia matibabu. Tutauza hata ule mti wa mbao."

"Mti wa mbao haumfikishi Dar, mama, seuze kwa daktari."

"Mungu ataona."

"Yeye ndiye haoni, mama. Amenipa macho yake. Nayo nipokee?"

Mama akaweka sahani chini. Hakumkatalia, wala hakumruhusu. Alisema amechoka, akaingia kulala jua la jioni likiwa bado linawaka, na Tupo alisikia akiomba kwa Kinyakyusa chini chini.

Jumapili yote Tupo alikaa na jambo lake. Nisikudanganye kwamba alikuwa shujaa. Mara aliona aseme, mara aliona anyamaze ahitimu, apate kazi ya maabara, alipe matibabu kidogo kidogo kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Hesabu hiyo ilimpendeza. Ilikuja vizuri mno, vile vile alivyotaka ije, na kwa sababu hiyo hakuiamini. Kovu lisingemsubiri apate mshahara. Kufikia jioni alijua atakalofanya, na akalala vibaya sana.

*

Ofisi ya mkaguzi wa usalama ilikuwa mwisho wa korido. Juu ya mlango kibao kilisema: Gwakisa Yeremia Mwalyego. Alikuwa mtu mzima mwenye suti iliyonyooka na uso wa huruma, na mezani kwake hakukuwa na kitu ila bamba la kuwekea dole gumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, karibu ukae. Habari za nyumbani?"

"Salama."

"Poleni na matatizo."

"Tumeshapoa," alisema Tupo, akaona asipitishe hata dakika. "Mzee, utaratibu wenu ni kusikiliza kwanza halafu mnaandika. Naomba unisikilize. Nina jambo moja, lakini ni refu."

"Sema, binti. Niko hapa kukusikiliza."

Akasema. Alianza na kibati chake, tangu alipokuwa mezani kihalali, na tangu alipopandishwa akaendelea kwa wizi. Akasema namna zamu ilivyomfunika, na kwamba wasiadhibiwe, kwani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akasema habari ya mlangoni, neno kwa neno kama alivyosimuliwa. Akasema Baba Sekela alitoa taarifa kwa msimamizi, kama kanuni inavyotaka, na msimamizi alikuwa darasani. Akasema anajua kitakachofuata, kwamba kazi imekwisha na shahada imekwisha, na kwamba hana ombi lolote ila mgonjwa asafirishwe wiki hii. Alipofika kwenye ile pole ya pili akajikaza, akaendelea mpaka mwisho. Hajawahi kutoa kitu kizito namna hiyo.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa muda wote, taratibu, kwa huruma.

"Pole sana," alisema. "Nimekusikia. Suala lako tutalifanyia kazi."

"Ahsante, mzee. Ila naomba kujua, mgonjwa atasafirishwa lini?"

"Liko kwenye mchakato. Tuwe na subira."

"Kesho?"

"Tutalifanyia kazi."

Tupo alimtazama. Uso ulikuwa mpole. Mikono ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya meza. Macho yalimwangalia yeye, yakapepesa, yakamwangalia tena. Tupo akainama mbele kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na jambo jingine, mzee. Leo asubuhi nimejifungua mapacha."

"Pole sana, binti," alisema Bwana Mwalyego. "Mungu atasaidia. Suala lako tutalifanyia kazi."

Nyuma ya sikio lake la kulia, chini ya mvi, kulikuwa na kibati.

Tupo alikaa. Kwanza alitaka kucheka, kisha alitaka kumtupia kiti. Alikuwa ametoa maisha yake yote mezani na hapakuwa na mtu wa kuyapokea! Mkaguzi wa usalama mzima, aliyewekwa pale achunguze nani hakusikia! Mtu huyu yuko wapi saa hizi? Darasani? Kitandani? Kwa mchepuko?

Mkono wa mkaguzi ukasogeza bamba mbele yake. Likawaka. "Kama huna la kuongeza, weka dole gumba," ulisema mdomo wake. Maelezo yalikuwa tayari, mafupi, yameshaandikwa kabla Tupo hajaingia: mfanyakazi hakutoa taarifa kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo jaribu lilipokuja lenyewe, siyo lile la Jumapili. Kwani hakusema? Alisema. Alisema yote, kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa yupo, mbele ya mtu aliyewekwa kusikia. Kama mwenye masikio hakuwepo, hilo ni lake na Mungu wake. Baba Sekela alitaka hivi. Mama alitaka hivi. Dole moja, na daraja la kwanza linabaki daraja la kwanza, na usiku mtu anaweza kujiambia, mimi nilisema. Ni nani duniani angemlaumu? Hakuna, kwa sababu hakuna angejua.

Aliinua dole gumba. Lilikaa juu ya bamba, hewani, na taa yake ya kijani ilimmulika kucha.

Alijiuliza Baba Sekela alisimama namna gani pale mlangoni, macho yanamwasha, mbele ya uso kama huu, unaompenda, usio na mtu. Yeye alikuwa na sababu ya kutoita. Alikuwa na mtu wa kumhurumia upande wa pili. Tupo akautazama uso wa mkaguzi, akajaribu kwa haki kabisa kumhurumia, akafikiri huenda naye yuko kwenye mtihani wake, huenda ana mtoto anayemwuguza. Akamhurumia kweli. Kisha akarudisha mkono wake, akakitoa kibati chake nyuma ya sikio, akakiweka juu ya meza, akainuka mpaka mlangoni ili asome jina bila kukosea.

"Gwakisa Yeremia Mwalyego," aliita.

Kwenye kiti, mikono iliyokunjwa ikakunjuka. Macho yakapepesa haraka haraka, na mtu akaingia ndani yake, mtu aliyechoka, mwenye wasiwasi, ambaye shati lilikuwa limemkaa vibaya ghafla. Akamwona Tupo, akaona kibati mezani, akapeleka mkono nyuma ya sikio kwa aibu.

"Samahani, binti. Samahani sana. Nilikuwa..." Hakumalizia. Akajikohoza. "Tulikuwa tumefika wapi?"

Tupo akafunga mlango, akarudi, akavuta kiti karibu zaidi na meza, akakaa.

"Bado hatujaanza, mzee," alisema. "Na hicho cha sikioni naomba ukitoe kwanza, uweke hapa na changu."

Mkaguzi akakitoa. Tupo akasubiri mpaka macho yake yakatulia.

"Baba Sekela aliniambia," alisema.